Namba inayojaza bao: 4294967295

Assalaam alaykum wazee wangu, walimu wenzangu na nyinyi vijana mlokuja na jua hili la Chake Chake.

Nimekuja na bao, mnaliona, safu 4, kila safu mashimo 8, jumla mashimo 32. Kete za kuchezea ni 64 lakini leo hebu tuseme tunazo zisokwisha. Shimo la kwanza tia kete 1, la pili 2, la tatu 4, la nne 8, kila shimo mara mbili ya lililopita, twende hivohivo mpaka la 32. Hilo la mwisho peke yake linataka kete 2147483648, na bao zima 4294967295, yani bilioni nne na ushei, ukihesabu moja kila sekunde usile usilale utamaliza baada ya miaka 136.

Lakini namba kubwa zipo chungu nzima, mie hii naipendea vile ilivojengeka. Tazameni: 3 mara 5 ni 15, ongeza 2 upate 17. 15 mara 17 ni 255, ongeza 2 upate 257. 255 mara 257 ni 65535, ongeza 2, 65537. Na 65535 mara 65537 ndo namba yetu hiyohiyo, kwahiyo bao zima limetoka kwenye namba tasa tano tu, 3, 5, 17, 257 na 65537.

Ongeza 2 tena, 4294967297. Fermat, mwanahesabu wa Ufaransa, aliamini hii nayo ni tasa, mpaka 1732 mwanahesabu mwengine, Euler, akaonesha ni 641 mara 6700417. Tasa ya sita ya namna hii haijapatikana hadi leo.

Sasa nipeni masikio. Ukitaka kigawanyo cha namba yetu, yani namba inayoigawa bila kubaki kitu, kila tasa ama unaichukua ama unaiacha, njia mbili mara tano, 2×2×2×2×2, vigawanyo 32. Mashimo 32 jamani! Na vinakaa kwa safu kabisa: ya kwanza 1, 3, 5, 15, 17, 51, 85, 255. Safu ya pili ni hizohizo mara 257, ya tatu mara 65537, ya nne ni ile ya pili mara 65537, na shimo la mwisho kabisa inakaa 4294967295 yenyewe.

Mwanahesabu Gauss mwaka 1796, hajatimiza hata miaka 19, alionesha umbo la pande 17 sawasawa, na pembe zake sawasawa, linachoreka kwa bikari na rula isiyo na vipimo. Ukiitoa 1, chukua namba yoyote ya hizi za baoni, umbo sawasawa la pande idadi hiyo linachoreka hivo, na katika witiri hakuna nyengine inayojulikana nje ya bao hili. Kijana hapo nyuma kauliza 7 iko wapi, haimo, na umbo la pande 7 kwa bikari na rula hiyo halichoreki, wala la 9. Bikari hii hapa, njooni tuanze na 15.