Zebaki: Mvuke Usioonekana

REHEMA: Karibuni tena. Leo tunaongea na wachimbaji wadogo, hasa mama na dada zetu wa mwaloni, pale mchanga wa dhahabu unapooshwa. Mada ni zebaki, ile metali ya majimaji ya kukamatia dhahabu. Kaka Masanja, wewe umekulia Geita. Tuanzie kwenye karai.

MASANJA: Hapo ndipo penyewe, dada. Mawe yametoka duarani, yaani shimoni, yamesagwa kwenye karasha, mchanga umeoshwa, yamebaki makinikia, ule mchanga mzito wenye dhahabu. Mama anamimina zebaki kidogo, anachanganya kwa mikono mitupu. Zebaki inakamata dhahabu. Anaitia kwenye kitambaa na kukamua kwa nguvu. Ya ziada inachuruzika, kinabaki kidonge cha rangi ya fedha, kama punje ya mahindi. Karibu nusu ya kidonge hicho bado ni zebaki.

REHEMA: Nayo inaondolewaje?

MASANJA: Kwa moto, na hapo ndipo panaponiuma. Zebaki inachemka kwenye nyuzi joto 357, na jiko la mkaa linafika huko bila shida. Basi mtu anachomea ndani, usiku, kwa kuogopa wezi. Mtoto kalala pembeni. Asubuhi jiko lile lile linapikiwa uji.

REHEMA: Wengi watakwambia, "Nimeishika miaka kumi, mbona mzima?"

MASANJA: Kuishika si vizuri, ila njia yake kubwa ni pumzi. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, na kama asilimia 80 ya unaouvuta hubaki mwilini, ukaenda kwenye ubongo na figo. Haukuangushi siku hiyo. Mikono inaanza kutetemeka, usingizi unapotea, fizi zinavimba, unasahau, unakuwa na hasira za ghafla. Mtaani wanasema pombe, au karogwa. Baba yangu mdogo alifikia kushika kikombe kwa mikono miwili, na bado chai inamwagika. Alikuwa na miaka 41. Hakuwahi kupimwa, kwa hiyo siwezi kuapa, lakini alichoma miaka mingi.

REHEMA: Pole sana, kaka. Na wajawazito?

MASANJA: Inapita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, wakati ubongo wake ndio unajengeka. Mjamzito asisogee kabisa panapochomwa. Hapo sina mjadala.

REHEMA: Wapo wanaojifunga kitambaa puani.

MASANJA: Kinazuia vumbi, mvuke unapita. Hata barakoa ya hospitali ni hivyo hivyo. Inayosaidia ni yenye kichujio cha mvuke wa zebaki, nacho kina muda wake, kikiisha kinabadilishwa.

REHEMA: Kwa hiyo tunafika kwenye retoti.

MASANJA: Ndiyo. Ni chombo cha chuma cha kuchomea kile kidonge, chenye kifuniko kinachobana, na bomba linalopozwa kwa maji. Mvuke unapita bombani, unapoa, unarudi kuwa zebaki, unaitumia tena. Hela yako hiyo! Fundi wa kuchomelea akionyeshwa anaitengeneza. Watu wanaikwepa kwa sababu dhahabu haionekani ikiwa ndani, wanahisi wataibiwa. Basi wenye mali wote wakae hapo mpaka mwisho. Ila msiifungue ikiwa ya moto, mtaupata mvuke wote usoni. Na ichomewe nje, mbali na nyumba, wewe ukiwa upande upepo unakotokea.

REHEMA: Nguo je?

MASANJA: Za kazi zibaki kazini, zisifuliwe na za watoto. Halafu tusiwasahau wanunuzi wa mjini: dhahabu iliyochomwa bado ina zebaki kidogo, wakiiyeyusha dukani inatoka, na jirani anaivuta.

REHEMA: Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, na mkataba huo unataka uchomaji wa wazi na ule wa kwenye makazi ukomeshwe.

MASANJA: Unataka, ndiyo. Lakini mwaloni kwetu retoti moja ya kuazimana ingefanya kazi kubwa kuliko mabango kumi.

REHEMA: Na anayetusikiliza sasa hivi, mikono inamtetemeka?

MASANJA: Aende hospitali, na asiseme tu "natetemeka". Aseme, "Ninachoma zebaki." Daktari asipoambiwa hivyo hatawaza kupima mkojo, na zebaki inatafutwa huko.