Nta ya Tabora ndo ilinipeleka kwenye shaba

Mwangaluka! Wazee wangu shikamooni, wanangu habari za saa hizi. Mmeniita nieleze nlivofika kwenye kusubu, yaani kuyeyusha na kumimina, sanamu za bronzi wakati nshapita kazi zingine mbili, basi ntasema kama ilivokua.

Miaka 11 nlikua karani wa hesabu kwenye saccos. Nikaacha, nikaingia kwenye asali na nta, nanunua kwa warina asali kule Sikonge na Urambo. Sasa nta ina watu wanaichanganya na mafuta ya ng'ombe au mishumaa, kwahiyo lazima uipime, unachukua kipande unakifinyanga, unakinusa, unakivunja uone chembechembe zake. Nimefinyanga hivo miaka 6. Siku moja niko stendi nasubiri mzigo, nakuja kuangalia mkononi nimetengeneza sura ya mzee aliyekaa mbele yangu, pua ile ile, mashavu yale yale, na gari lilishafika zamani likashusha mzigo wangu mi sina habari. Nlikua na miaka 43. Nikampelekea mke wangu, akaniuliza huyu nani, nikamwambia simjui, akasema mbona kama anataka kuongea.

Nikaiweka ile sura dirishani. Jua la mwezi wa kumi hapa kwetu mnalijua wenyewe, jioni narudi mzee kaisha, kalegea kawa bonge. Niliumia kweli, kama mtu kafa. Nikakumbuka Sanamu ya Askari pale Dar, ipo tangu 1927, jua lile na chumvi ya bahari lakini askari bado kashika bunduki yake. Nikaanza kuuliza bronzi inafanywaje, kumbe mwanzo wake ni nta! Unaunda umbo kwa nta, unalipaka udongo, huo udongo ndo kalibu, unaliacha likauke, unachoma, nta inatoka, shaba inaingia palepale nta ilipokaa. Watu wa Ife kule Nigeria walikua wanatumia nta hivohivo mamia ya miaka iliyopita. Na sisi hapa tunaijaza nta kwenye magunia inaenda zake nje, hilo linaniuma mpaka leo.

Nlijifunza kwa mzee mmoja anayesubu sufuria za alumini, nikakaa kwake mwaka mzima nachochea mkaa na kuponda udongo. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, bronzi inataka karibu 950, na wakati wa kumimina tunaipandisha mpaka inakaribia 1,100, kwahiyo tanuru ilibidi tulijenge upya na feni tukaongeza. Bronzi ni shaba na bati, kwa kawaida sehemu 9 za shaba kwa 1 ya bati. Mimi natumia bushi za mashine za zamani, vile vipande vya bronzi vya kuzungushia ekseli, na nanunua kwa risiti tu, mkiletewa waya wa umeme uliokatwa usiku mkatae wanangu, huo ni wizi na kuna mtaa umelala giza kwa ajili yake.

Ukarani nao umenisaidia sana hapa. Napima nta kwenye mizani, kilo 1 ya nta inataka kama kilo 9 za bronzi, maana bronzi ni nzito karibu mara 9 kwa ujazo uleule, alafu naongeza ya kujaza mirija, zile njia bronzi inapopitia kuingia kwenye kalibu. Ikipungua katikati ya kumimina kazi imekufa, huwezi kuja kuongezea, ya kwanza imeshaanza kuganda.

Na unyevu, jamani unyevu. Masika moja nlikua na haraka, kalibu nimeligusa nje naliona kavu, ndani bado. Nlipomimina maji yakageuka mvuke ghafla, shaba ikaruka. Hili kovu la mkononi mnaloliona ndo la siku hiyo, na kijana wangu aliponea chupuchupu. Toka hapo kalibu langu linakaa motoni mpaka niridhike, mteja akikasirika akasirike.

Sa hivi natengeneza mpagazi. Babu zetu Wanyamwezi ndo walibeba mizigo ya misafara kati ya hapa na pwani, meno ya tembo, vitambaa, shaba ya Katanga kule Kongo pia, na Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Tabora 1916 watu wakabebeshwa tena. Nataka bega lake lionekane lilivobonyea. Shingo nimeirudia mara nne, bado inanisumbua, mtu aliyebeba siku nzima hageuzi shingo kama mimi na wewe.

Umbo lake la nta ni hili hapa, nalipitisha kuanzia kwa wazee huku mbele. Shikeni kwenye kibao, msishike bega, mikono ina joto na nta inasikia haraka.