Nani Amesimama Nyuma ya Mwanafunzi wa Udaktari?

Hamjambo wazazi, ndugu zangu, nanyi vijana mliomaliza kidato cha nne. Nimeombwa nieleze jinsi mafunzo ya udaktari yalivyopangwa, na najua swali la kwanza la mzazi huwa ni miaka mingapi. Nitalijibu. Lakini lipo jingine ambalo natamani litangulie: mtoto wangu akiwa mbele ya mgonjwa, nani amesimama nyuma yake?

Katika Chuo Kikuu cha Nairobi shahada ya kwanza ya udaktari huchukua miaka sita. Kitivo kilianzishwa mwaka 1967, kikiwa na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta kama uwanja wake wa mafunzo. Kabla ya hapo, Mkenya aliyetaka kusomea udaktari hapa Afrika Mashariki alikwenda Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, akafunzwa katika hospitali ya Mulago. Mwanzoni mwanafunzi wa Nairobi yuko Chiromo, kampasi ya chuo hicho, anasoma anatomia (maumbile ya mwili), fiziolojia (jinsi mwili unavyofanya kazi) na baiokemia (kemia ya mwili). Anapasua maiti, na siku ya kwanza kabisa huambiwa kwamba aliyelala juu ya meza ile ni mtu. Kisha huja patholojia (elimu ya magonjwa), famakolojia (elimu ya dawa) na elimu ya vijidudu, halafu wodi.

Mpangilio huu wa sayansi kwanza na wagonjwa baadaye una chimbuko lake. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu ambaye hakuwa daktari, alitoa ripoti baada ya kuchunguza shule 155 za udaktari Marekani na Kanada. Nyingi alizikuta hazina maabara za maana wala hospitali ya kufundishia. Alitaka miaka miwili ya maabara, miwili ya hospitali, na chuo kikuu cha kusimamia yote. Shule nyingi zikafungwa. Kati ya saba zilizofunza madaktari weusi zilibaki mbili tu, Howard na Meharry, na hasara hiyo isisahauliwe tunapomsifu Flexner. Mimi nashukuru kwamba ubabaishaji uliondolewa. Nisichokipenda ni ukuta uliojengwa kati ya maabara na mgonjwa. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, walipoanza mafunzo yao waliubomoa kwa makusudi: wanafunzi hujadili visa vya wagonjwa katika vikundi vidogo, na hupelekwa mapema kwenye vituo vya afya mashinani. Naona waliamua vyema.

Sasa twende wodini, maana hapa ndipo daktari anapofinyangwa. Mwanafunzi hupewa mgonjwa wake. Anajitambulisha kwamba bado anasoma, anaomba ruhusa, anachukua historia. Ulianza kuumwa lini? Maumivu yanaanzia wapi, yanahama? Masomo yake yote yamekuwa kwa Kiingereza, na mama aliye kitandani anazungumza Kiswahili au Kikamba, anasema moyo unamwenda mbio huku ameshika tumbo. Hakuna mtihani wa Chiromo uliomtayarisha kwa mama huyu. Akishamsikiliza anampima: anatazama, anapapasa, anagonga kwa vidole, anasikiliza kwa stethoskopu.

Asubuhi, kwenye raundi, madaktari wanapozunguka kitanda hadi kitanda, anasimama mbele ya konsalta, yaani daktari bingwa, na kueleza alichokipata. Konsalta mzuri humuuliza, “Ulijuaje?” Kisha anamrudisha kitandani, anapapasa tumbo lile lile, anaushika mkono wa mwanafunzi na kuuweka mahali ambapo ini limevimba. Kwa dakika tano hizo mtu amejifunza jambo ambalo hatalisahau.

Lakini wanafunzi ishirini wakizunguka kitanda kimoja, wa nyuma wanaona mabega ya wenzao tu. Chuo kikiongeza nafasi za wanafunzi bila kuongeza walimu na vitanda, sifichi hasira yangu. Anayelipia pengo hilo ni mgonjwa wa kesho, huko Garissa au Kayole.

Baada ya miaka sita hajawa huru. Anakwenda kuwa daktari mwanagenzi kwa mwaka mmoja, katika hospitali iliyoidhinishwa na baraza linalosimamia madaktari. Anapitia magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto na uzazi, ndipo asajiliwe kikamilifu. Mtakumbuka mgomo wa mwaka 2024, ulioanza Machi na kudumu siku 56. Kiini kimojawapo kilikuwa hawa wanagenzi: kutumwa kwao hospitalini, na malipo yao. Wengi waliuona kama mzozo wa mishahara. Mimi niliona mafunzo yaliyokatwa katikati. Mhitimu akikaa nyumbani miezi kadhaa akingoja barua, mikono husahau kushona jeraha, husahau kuutafuta mshipa wa mtoto mchanga.

Na akishafika, swali langu linakuwa zito zaidi. Saa nane za usiku mama amejifungua na damu haikatiki. Mwanagenzi anajua kinachotakiwa: oksitosini, dawa ya kukaza tumbo la uzazi, kulikanda tumbo hilo, kuagiza damu, kutafuta kilichochanika. Anachohitaji zaidi ni kwamba simu yake ipokewe, na mkubwa wake afike. Mwaka huu wa uanagenzi ni mafunzo, na hospitali isiyo na konsalta wa kuitwa usiku haifai kupewa wanagenzi, hata kama ina uhaba mkubwa wa madaktari.

Ubingwa sitauzungumzia sana: ni miaka mingine mitatu au zaidi, na wengi huisomea huku wakihudumu wodini. Vijana, kwa sasa shughulikieni baiolojia na kemia.

Nimalizie na nyinyi mnaolazwa au mnaouguza. Mwanafunzi akija kitandani, muulize jina lake na anasimamiwa na nani. Una haki ya kumkataa, na matibabu yako hayatakiwi kupungua kwa sababu hiyo. Nakuomba ukubali ukiweza. Mweleze yote, hata dawa za mitishamba ulizokunywa nyumbani, na akikuumiza anapokupapasa, mwambie papo hapo.