Siti ya baiskeli inayopanda na kushuka, kwa gesi ya mlango wa kabati

Assalaam alaykum ndugu watazamaji, karibuni tena. Leo niko Wete, na baiskeli mnayoiona hapa ni ya milimani, ya mtumba, yenye fremu ya chuma na magurudumu ya inchi 26. Tutaifanya siti yake ishuke sentimita 9 na ipande tena bila ya kushika spana, kwa kutumia gesi ndogo, yaani kile kijibomba chenye fimbo inayojisukuma nje, ambacho mafundi seremala hufunga kwenye milango ya makabati ya jikoni. Anayeendesha kwenye lami tambarare anaweza kuiacha video hii sasa hivi na tusilaumiane. Lakini anayepita njia za mashamba ya mikarafuu hapa Pemba, ambako ukimaliza bonde unakutana na mlima na ukimaliza mlima unakutana na bonde jengine, anajua kwamba siti ya juu inafaa wakati wa kupanda kwa sababu mguu unanyooka na kusukuma pedeli vizuri, na kwamba siti hiyo hiyo wakati wa kushuka inakuzuia kurudi nyuma na kukutaka uruke juu ya usukani.

Fikra yenyewe si ngeni. Mwaka 1984, Joe Breeze na Josh Angell wa Marekani walitoa springi waliyoiita Hite-Rite, iliyofungwa baina ya fremu na bomba la siti: mtu akifungua kibano na kukaa, siti inashuka, na akijiinua, springi inairudisha juu. Siku hizi zipo siti zinazofunguliwa kwa kitufe cha kwenye usukani, na nzuri zake zinaweza kuwa na bei inayoishinda baiskeli hii nzima. Sisi tunaifuata ile njia ya zamani, ila springi yetu tunaificha ndani ya bomba, kwa sababu mimi binafsi sipendi springi ya nje inayokusanya tope la masika.

Vifaa ni hivi. Gesi ya kabati iliyoandikwa 100N, yaani inasukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 10. Yangu ina urefu wa sentimita 25 ikiwa imefunguka na sentimita 16 ikiwa imebanwa. Kibano cha siti chenye mkono wa kufungia. Bolti mbili za milimita 5 zenye urefu wa milimita 25, kipande cha mti mgumu, msasa, tupa ya duara, grisi na tepu ya umeme. Bomba la siti liwe limezibwa kichwani. Likiwa wazi juu, tafuta jengine, usianze kulitoboa.

Kabla sijagusa chochote, naomba tuelewane kuhusu gesi. Ndani yake mna naitrojeni iliyoshindiliwa, kwa hivyo haikatwi, haitobolewi, haichomelewi na haiwekwi karibu na moto. Tunachoondoa ni vile vikombe viwili vya plastiki vya kwenye ncha, basi.

Toa siti, toa kibano cha zamani, futa bomba. Hilo halihitaji maelezo.

Sasa angalieni ubavu wa fremu, kwenye ile nguzo linamoingia bomba la siti, pale panapofungwa kishikio cha chupa ya maji. Pana matundu mawili ya bolti, na umbali baina yao ni milimita 64. Hapo ndipo gesi yetu itakapopata pa kusimama. Wapo wanaoiacha gesi ishuke mpaka chini kabisa ikakalia ekseli ya pedeli, na ekseli ile inazunguka, kwa hivyo kitakachofuata ni kuikwangua na kuiharibu. Sisi tunachonga kizibo cha mti chenye urefu wa sentimita 10 na unene unaopita ndani ya fremu kwa kusukumwa na mkono. Juu yake tunatoboa shimo la kina cha sentimita moja, na ndani ya shimo tunaweka sarafu ndogo au washa ili ncha ya chuma isiule mti. Ubavuni tunachonga mfereji mwembamba kutoka juu hadi chini, kwa sababu maji ya mvua yataingia tu, utake usitake, na yakikosa njia ya kutokea yatakaa humo yaifanyie kutu fremu yako.

Kisukumeni kizibo kwa kijiti mpaka kikae nyuma ya matundu yote mawili. Pitisheni keekee ya milimita 4 katikati ya tundu, taratibu, ili isizile hesi za fremu, kisha fungeni bolti ziingie ndani ya mti. Tikiseni kwa kijiti. Hakichezi? Tuendelee.

Sehemu ya pili ni kijiti cha ndani ya bomba la siti, na hapa namwomba kila mmoja asogee karibu na skrini. Gesi itaingia ndani ya bomba la siti kwa sentimita kadhaa, na juu yake kutakuwa na kijiti cha mti kinachojaza nafasi iliyobaki mpaka kwenye kichwa cha bomba. Urefu wa kijiti hiki ndio unaoamua siti itasimama wapi gesi ikiwa imefunguka yote. Kikiwa kirefu mno, siti itapanda kupita ile alama iliyochongwa kwenye bomba kuonyesha kiasi cha chini kinachotakiwa kubaki ndani ya fremu, na bomba lililovuka alama hiyo linaweza kuvunjika au kuipasua fremu ukiwa umekalia. Kikiwa kifupi mno, siti haitafika juu unapoitaka. Kwa baiskeli hii kijiti kimetoka sentimita 20, lakini msiichukue namba yangu, kwa sababu fremu yenu si fremu yangu.

Fanyeni hivi. Anzeni na kijiti kirefu kuliko mnavyodhani. Kiingizeni, wekeni gesi, shusheni bomba ndani ya fremu, tazameni alama iko wapi. Toeni, kateni nusu sentimita, rudieni. Nusu sentimita tu! Najua mkono unawasha kukata sentimita tatu kwa mara moja mambo yaishe, lakini kijiti kilichokatwa hakirefuki, na kuunga vipande viwili kwa gundi humo ndani sikukubali hata kidogo. Kateni, pimeni, kateni, pimeni. Alama ikishazama ndani ya fremu kwa sentimita moja huku gesi ikiwa imefunguka yote, simameni hapo. Nasema tena kuhusu kijiti: nusu sentimita.

Gesi inawekwa fimbo yake nyembamba ikiangalia chini na mwili wake mnene ukiangalia juu. Hii si mapambo. Ndani mna mafuta kidogo, na fimbo ikiwa chini mafuta hukaa juu ya mpira unaozuia naitrojeni isitoke, mpira ukabaki laini. Ukiigeuza itafanya kazi, ila haitadumu. Zungusheni tepu ya umeme kwenye mwili wa gesi, mizunguko michache sehemu mbili, ili isigonge-gonge ndani ya bomba kama mchi kwenye kinu kitupu.

Pakeni grisi. Bomba la aluminiamu ndani ya fremu ya chuma, katika kisiwa ambacho upepo wenyewe una chumvi, bila ya grisi linang'ang'ania, na likishang'ang'ania hulitoi mpaka umwite fundi mwenye subira. Kisha ingiza, funga kibano kipya, na sasa nafungua mkono wake ili muone siti inavyopanda yenyewe.

Haikupanda.

Kamera isizimwe, tutazame pamoja. Naisukuma chini, inashuka; naiachia, inapanda sentimita mbili inasimama. Gesi nimeijaribu mezani na ni nzima. Nalitoa bomba, na hebu sogeza kamera hapa: mnaona huu mstari unaong'aa, mwembamba kama uzi, unaoteremka upande wa nyuma? Umechorwa na kitu kikali. Ukipitisha kidole kwenye mwanya wa juu ya fremu, ule unaobanwa na kibano, utahisi jino dogo la chuma lililobaki tangu fremu ilipokatwa kiwandani. Siti isiyopanda wala kushuka haimjali jino hilo, yetu inamjali. Tupa ya duara, polepole, kutoka ndani kuja nje, kisha msasa, kisha kitambaa kufuta unga wote wa chuma, maana unga ukichanganyika na grisi unakuwa msasa mwengine. Narudisha. Nafungua mkono. Mmeona? Na kichwa changu nimekiweka kando, kwa sababu siti inapopanda haiulizi kilicho juu yake ni kidevu cha nani.

Sasa kibano. Gesi kazi yake ni kuinua siti tu, kilo zake 10 hazikubebi wewe. Anayekubeba ni kibano. Mkono wake uanze kuwa mzito ukifika katikati ya safari yake, na ukimaliza kuufunga uache alama kwenye kiganja, hivi. Ukifunga kwa kidole kimoja, basi siti itashuka taratibu ukiwa unapanda mlima, na utadhani ni wewe umechoka. Chora pia kialama cha rangi kwenye bomba na kwenye fremu, kwa kuwa bomba ni duara na siti inaweza kurudi juu ikiwa imepinda. Kabla ya kufunga, linganisha alama mbili hizo.

Matumizi yake ni haya: ukifika ukingo wa mteremko, simama, fungua, kaa siti ishuke, funga. Ukifika bondeni, simama, fungua, jiinue, funga. Kuna vijana watajaribu kuufungua mkono wakiwa katikati ya mteremko, mkono mmoja tu kwenye usukani, na msimu wa mavuno karafuu za watu zimeanikwa kwenye majamvi pembezoni mwa njia. Ukiziangukia, jeraha litapoa kabla mwenyewe hajamaliza kukusemesha.

Baada ya wiki ya kwanza kazeni tena zile bolti mbili za ubavuni, kwa kuwa mti hulegea kidogo. Kila mwezi toeni bomba, futeni, pakeni grisi mpya. Wakati wa masika fanyeni mara mbili. Wenye fremu ya kaboni wasijaribu haya kabisa.

Vibano vya mkono ninavyo dukani. Atakayekuja aje na kipimo cha nje cha fremu pale juu, si kipimo cha bomba la siti, kwa sababu kibano kinakaa juu ya fremu, na bomba la milimita 27.2 halikai kwenye kibano cha milimita 27.2.