Kiingereza Unakisoma Unaelewa, Mbona Ukisikiliza Unapotea?

Habari za huko nyumbani ndugu zangu, karibuni tena. Leo hakuna kutembezana mitaa ya huku wala bei za dukani. Tunamjibu mtu aliyemaliza kidato cha nne: gazeti la Kiingereza analisoma, ila Mzungu akifungua mdomo haambulii kitu, na hela ya kozi hana.

Kozi weka pembeni kwanza. Mara nyingi tatizo si msamiati, ni sikio. Kiswahili kila silabi inapata haki yake, Kiingereza kinameza nusu. Chukua "I can go" na "I can't go". Kwenye ile ya kwanza nguvu yote iko kwenye "go", na "can" inabaki "kn" tu, inapita haraka. Kwenye ya pili "can't" inatamkwa kwa nguvu, lakini ile t ya mwisho mara nyingi haisikiki, hasa kwa Wamarekani. Ukikaa kusubiri t ndipo ujue mtu kakataa, utaelewa kinyume. Fuata mkazo. Fifteen na fifty ni hivyo hivyo: ya kwanza inavutwa mwishoni, ya pili inakandamizwa mwanzoni.

Sasa, pa kufanyia mazoezi bure. Ingia BBC Learning English, tafuta kipindi cha 6 Minute English. Watangazaji wawili wanaongea dakika sita, mwanzoni wanauliza swali lenye majibu matatu, na jibu wanalitoa karibu na mwisho. Chini yake kuna sauti ya kupakua na maandishi ya mazungumzo yote. Kama hapo pagumu, nenda LearnEnglish ya British Council, mazoezi yamepangwa kwa viwango, kuanzia A1 (cha mwanzo kabisa), halafu A2, B1, B2 kupanda juu. Msiangalie video kila siku, mtamaliza bando bure. Sauti ya dakika sita ni kama MB 6 tu; pakua kadhaa ukipata Wi-Fi, sikiliza ukiwa umezima data.

Wengi wanaharibu hapa: wanafungua maandishi kabla ya sauti. Ukishasoma, jicho ndilo linalofanya kazi, sikio linasindikiza. Kwa hiyo sikiliza mara mbili bila kuangalia chochote. Halafu chagua kipande cha sekunde 30, kisikilize kidogo kidogo huku ukiandika unachosikia kwenye daftari, hata kama ni ovyo. Ukimaliza ndiyo ufungue maandishi, upige mstari kila ulipokosea. Utashangaa: mengi uliyoyakosa ni vijineno kama of, to, have na them, maneno unayoyajua tangu darasa la tatu. Hayo ndiyo ya kurudia, ukisema kwa sauti pamoja na mtangazaji mpaka mdomo uende naye sawa. Faili moja kaa nalo siku tatu au nne. Kusikiliza mapya kumi huku unakaanga vitumbua ni burudani, si mazoezi.

Kupunguza spidi hadi 0.75 ruksa siku ya kwanza. Ukizoea hapo, mtaani huku hakuna atakayekupunguzia.

Kusoma ni rahisi zaidi. News in Levels wanaandika habari moja kwa viwango vitatu, tena na sauti. Hesabu maneno 100: usiyoyajua yakizidi matano, shuka kiwango. Usikimbilie kamusi kila mstari, maliza aya kwanza. LibriVox nayo ina vitabu vizima vinavyosomwa na watu wanaojitolea, ila ni vile ambavyo hakimiliki yake imeisha, kwa hiyo Kiingereza chake kingi ni cha zamani. Usije ukaenda nacho kwenye usaili wa kazi.

Kwa wanaojiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza: sehemu ya kusikiliza ina maswali 40, sauti inachezwa mara moja tu, na herufi ikikosewa jibu halihesabiwi. Kwa hiyo wiki mbili za mwisho acheni kurudiarudia. Cheza mara moja, andika majibu, sahihisha na tahajia yake. Wanaotoa mtihani huo wana majaribio ya bure kwenye tovuti zao, anzieni hayo kabla ya kununua kitabu cha mtu.

Ukiuliza swali hapo chini, taja na kiwango chako, maana wa A2 na wa B2 siwezi kuwajibu sawa.