Mandragora: sumu yake, tiba za kale na namna ya kuiotesha

Ndugu wasikilizaji, msomaji wa Mwanzo 30 katika Biblia ya Kiswahili humkuta Raheli akimwomba Lea tunguja ambazo Reubeni aliziokota kondeni siku za mavuno ya ngano. Wafasiri wengi wanakubali kwamba zile ni mandragora ya nchi za Bahari ya Kati, si mtunguja wa vichakani kwetu. Mimea hiyo miwili ni ndugu, jamii moja na mnavu na mnanaha, na hakuna hata mmoja wa kujaribiwa mdomoni.

Mandragora haina shina. Majani mapana yenye mikunjo hutandaa ardhini kwa duara, maua ya zambarau huchipua katikati, kisha huja matunda ya manjano yanayonukia vizuri, makubwa kama nyanya ndogo. Chini kuna mzizi mnene, mara nyingi wenye panda kama miguu ya mtu. Umbo hilo ndilo lililozaa uzushi kwamba mzizi hupiga ukelele wa kuua unapong'olewa, hivyo afungwe mbwa auvute. Mwaka 1597 Mwingereza John Gerard, mtaalamu wa mimea, aliandika kwamba yeye na watumishi wake walikuwa wameng'oa na kupanda upya mandragora nyingi sana, wala hawakuona umbo la mume wala la mke.

Sumu zake ni hyosiamini, skopolamini na atropini. Huzuia asetilikolini, kemikali inayopeleka amri za neva kwenye tezi na misuli, na dalili zote zatokana na hapo: mdomo hukauka, jasho hukoma na ngozi huwa nyekundu yenye moto, mboni za macho hutanuka, moyo huenda mbio, mkojo hugoma, kisha mtu huweweseka na kuona yasiyokuwepo. Sumu ikizidi, hupoteza fahamu na aweza kufa. Hatari kubwa ni majani yake kuchanganyika na mboga. Oktoba 2022, karibu na Napoli, Italia, watu wapatao kumi walilazwa baada ya kula mchicha uliochanganyika nayo. Mgonjwa asitapishwe nyumbani. Apelekwe hospitali upesi pamoja na mabaki ya chakula. Huko hupewa mkaa maalumu, hupoozwa mwili, na pengine huchomwa fisostigmini, dawa ya kupinga sumu hii.

Katika karne ya kwanza, tabibu Dioscorides alieleza mvinyo wa mzizi huu kwa mtu anayekwenda kupasuliwa. Ulilaza kweli, lakini kiwango cha sumu hutofautiana mmea kwa mmea na msimu kwa msimu, kwa hiyo kipimo kilichomlaza mmoja kiliweza kumwua mwenzake. Leo atropini ile ile, ikipimwa kwa miligramu, huokoa wakulima waliodhurika na viuatilifu vya oganofosfati. Anayekuuzia unga wa mzizi kwa ajili ya uzazi au nguvu za kiume hana kipimo hicho. Msinunue.

Kuiotesha kwa kuitazama ni jambo jingine, na ni mmea unaostahili. Mbegu ziwe mbichi. Zichanganye na mchanga wenye unyevu, uziweke kwenye friji miezi miwili hadi mitatu, kwa kuwa bila baridi, mbegu nyingi hugoma kuota. Zipande kina cha sentimita moja, katika chungu chenye kina kisichopungua sentimita 30. Chungu kifupi hupinda mzizi. Udongo uchanganywe nusu kwa nusu na changarawe. Linda miche dhidi ya konokono, na usiipande kamwe kando ya mboga za majani. Subiri maua baada ya miaka miwili au zaidi.

Wengi huipoteza kiangazi. Majani hunyauka yote, mwenye mmea hudhani una kiu, humwaga maji, na mzizi uliolala huoza. Majani yakianza kukauka, punguza maji hadi udongo uwe karibu mkavu, uanze tena pale tu chipukizi zinapotokea. Kuuhamishia mmea chungu kingine kufanyike wakati huo wa usingizi, kwa glavu, bila kukata ncha ya mzizi, maana uozo huanzia kwenye jeraha.