Kipashto na lile neno "me" linalopasua kitenzi

Haya tuingie kwenye Kipashto, lugha ya Afghanistan na Pakistan, na leo nashika kineno kimoja tu, *me*. Ndo "mimi" isiyo na mkazo. Haiwezi kuanza sentensi, lazima iegemee kitu kilichotangulia, na ukiwa wakati uliopita yenyewe ndo mtenda, ukija wakati uliopo inageuka mtendwa, hilo tuliache maana litatumaliza.

Vitabu vinasema inakaa nafasi ya pili. Sawa, ya pili baada ya nini? Baada ya neno la kwanza? Hapana. Mpashto akisema "yule binti mrefu mrembo wa miaka 20 nimemwona tena leo", *me* inasubiri huyo binti aishe na sifa zake zote ndo inaingia. Kwa hiyo hapo sintaksia, yaani mpangilio wa maneno kwenye sentensi, ndo bosi.

Sasa mtoe binti, kibaki kitenzi peke yake. Herufi kubwa ndo penye mkazo, na hiyo ə ni irabu fupi ya katikati ya mdomo. *TelwaHƏ me*, nilikuwa nakisukuma. *TEL me wahə*, nilikisukuma, nikamaliza. Mmeona? Mkazo umehamia mbele na *me* imezama katikati ya kitenzi.

Utasema *tel* labda ni kiambishi tu. Haya, chukua kununua: *akhistəLƏ me*, au *A me khistələ*, zote mbili ni "nilikuwa navinunua", maana haijabadilika hata chembe, na hiyo *a* peke yake haina maana yoyote bana! Jozi hii iko kwenye tasnifu ya mwanaisimu Habibullah Tegey, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, 1977, na wanaosema neno halipasuliwi na sintaksia mpaka leo inawasumbua.

Kuna mtu anauliza hapo nyuma, si sawa na *-vi-* kwenye *nilivinunua*? Si sawa. Yetu ina kiti chake, mkazo wetu ukae silabi ya pili toka mwisho au popote, *-vi-* haijali. *Me* inafuata mkazo.

Ila inaufuata pale tu ambapo sintaksia haijaipa pa kukaa, mimi hapa ndo nasimama. Tanguliza kundi lolote la maneno lenye mkazo, hata jina la mtu tu, *me* inahamia huko na kitenzi kinabaki kizima, hata kama mkazo umebaki palepale kwenye *a*.